Kwa Nini Sikununua Ile Kompyuta Safi ya Luthuli

Wacha nianze na ukweli: nilikuwa nimeshaamua. Pesa ilikuwa kwa simu, namba ya kulipia nilikuwa nimeshaiandika, ilibaki tu kuweka PIN. Sh48,000. Miezi 14 ya kujinyima ilikuwa inangoja kidole changu kimoja.

Halafu nikamwambia yule jamaa wa duka, “Nipe dakika tano nikunywe chai nirudi.”

Sikurudi siku hiyo. Hizo dakika tano zilikuwa wiki tatu, na kwa hizo wiki tatu nilijifunza mambo ya kompyuta kuliko miaka yote ya shule, ambako tulifundishwa kuita laptopu “kipakatalishi” na hatukuwahi kuigusa hata moja.

Kwa wale wageni hapa: mimi huhariri video. Si hizi zangu tu mnaona. Kuna mama anauza viatu vya mtumba Gikomba, namtengenezea video mbili kila wiki. Kuna kanisa moja huku mtaani hunitumia ibada ya Jumapili niikate vipande vifupi. Na msimu ukifika, kuna harusi. Yote hayo nimekuwa nikifanya kwa simu. Ndio, simu. Inashika moto mpaka naiweka chini kwa simiti ipoe, na mimi nakaa kando yake kama mtu anayeuguza mgonjwa.

Mwezi wa nane ikanitoa jasho kabisa. Nilikuwa na video ya harusi, dakika 40, nimebakisha muziki wa mwisho tu. Simu ikazima. Ikawaka. Mradi wote haukuwepo. Nilitafuta usiku mzima kama mtu aliyepoteza pete mtoni. Asubuhi nikampigia bibi harusi na kumrudishia deposito yake ya Sh4,000. Hakunitusi. Alisema tu, “Ni sawa, siste,” kwa ile sauti unajua si sawa, na unajua hatakuitia mtu mwingine.

Kwa hivyo kompyuta kwangu haikuwa starehe. Tangu mwaka uliotangulia nilikuwa nafungia pesa kwa simu, thuluthi ya kila kazi. Kuna wiki nilikula ugali na sukuma siku sita mfululizo, siku ya saba nikala sukuma na ugali. Desemba ilipoanza nilikuwa na Sh52,000. Sijawahi kuwa na pesa kama hiyo mahali pamoja. Nilikuwa naangalia salio kabla ya kulala, kuhakikisha tu kwamba bado iko.

Na hapo ndipo nilienda Luthuli.

Kama hujawahi kupita Luthuli Avenue, ni ule mtaa wa Nairobi ambapo spika kumi zinapiga nyimbo kumi tofauti na kila mtu anakuita. “Mrembo, karibu, unatafuta TV?” “Siste, woofa iko.” Nikisema natafuta kompyuta ya kuhariri video, mmoja ananiuliza kama ni ya boyfriendi. Nikanyamaza. Nikaingia duka lake hata hivyo, juu nilikuwa nimeiona kupitia kwa kioo.

Ilikuwa inakaa safi, aki. Skrini ya inchi 24, nyeusi, nyembamba, imesimama kwa mguu mmoja wa fedha. Hakuna sanduku kando. Hakuna waya zimelala kama tambi. Ni ile aina wauzaji huita All-in-One. Kwa mwenye hajui: kompyuta ya kawaida ya mezani ina monita huku na CPU kule. Najua kuna fundi atanirekebisha kwamba CPU ni ile chipu tu ya ndani, lakini hapa Kenya lile sanduku lote ni CPU na tutazeeka hivyo. Sasa All-in-One ni venye jina linasema. Mashine yote imefichwa nyuma ya skrini. Waya mmoja kwa ukuta, kibodi na mausi bila waya, umemaliza.

Wala si wazo jipya. Macintosh ya kwanza ya Apple, ile ya 1984, ilikuwa hivyo: skrini na mashine ndani ya kasha moja. Mwaka 1998 wakatoa iMac, ambayo baadaye ilikuja kwa rangi kama peremende. Na ile ya 2021 yenye chipu ya M1 ina unene wa milimita 11.5, yaani nyembamba kuliko kipande cha mkate. Hiyo mimi huiangalia tu kwa video za watu wa ng'ambo. Za bei yangu ni zile za ofisi, HP EliteOne, Dell OptiPlex, Lenovo ThinkCentre. Kampuni huko nje inazitumia miaka michache, inabadilisha, zinaingia kwa kontena, zinafika hapa zikiitwa ex-UK. Mtumba, kwa lugha ya Gikomba. Na mimi sina ubaya na mtumba. Nimevaa mtumba nikiandika haya.

Jamaa akaiwasha. Akaniwekea video ya samaki wa baharini, wale wa rangi rangi. “Angalia hiyo skrini, siste. Hii ukiweka kwa nyumba, mtu akiingia anajua hapa kuna kazi.”

Hapo ndipo alinishika. Wacha niwaambie kitu sijawahi kumwambia mtu: sikuwa naangalia samaki. Nilikuwa naangalia picha yangu mwenyewe kwa akili. Mimi nimekaa, keja yangu imepangwa, hiyo mashine nyuma yangu kwa kila video, na nyinyi mnasema huyu dada ameomoka. Kuna watu hunitumia kazi ya Sh1,500 na wanaomba punguzo kwa sababu wanajua natumia simu. Niliona hiyo skrini ikiwanyamazisha wote.

Nikatoa simu. Nikaandika namba. Halafu, sijui ni nini, nikasema chai.

Nilikuwa kwa kibanda, chai ya Sh20 na mandazi, mathe akapiga. Yeye yuko Kakamega. Ndugu yangu mdogo anaingia gredi ya kumi Januari, shule ya bweni, na orodha ilikuwa imetoka. Akanisomea yote. Godoro. Sanduku. Sare, jozi mbili. Viatu. Shuka. Ndoo. Alisoma polepole kama mtu anayesoma Biblia. Nikangoja aseme kiasi. Hakusema. Alisema tu, “Tutajipanga, mami. Wewe endelea na kazi yako, Mungu atafungua.”

Mathe angeniomba pesa ningekasirika kidogo, ningetuma, tungeendelea. Lakini hakuniomba. Anajua nimekuwa nikiweka pesa ya kompyuta, na aliamua kutoigusa hata kwa mdomo. Nikakaa pale na mandazi mkononi, nikajiuliza swali sikuwa nimejiuliza kwa miezi 14. Hii Sh48,000 inanunua nini hasa?

Sijasema kompyuta ni anasa na godoro ni lazima. Msinielewe vibaya. Bila kompyuta hakuna kazi, bila kazi hakuna godoro la mtu yeyote. Swali lilikuwa, kati ya hiyo Sh48,000, ngapi ni ya kufanya kazi na ngapi ni ya ile picha ya mimi nimekaa?

Nikapanda gari nikaenda Githurai.

Binamu yangu ana saiba huko. Miaka mitatu sasa. Watu wanakuja kwa KRA, eCitizen, kuchapisha, kuskani. Nilikumbuka ana hizo All-in-One mbili kwa kaunta, na nilitaka aniambie ninunue. Wacha niwe mkweli, sikuenda kuomba ushauri. Nilienda kutafuta mtu wa kukubaliana na mimi.

Moja ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa. Mteja amekaa hapo, anajaza fomu zake. Ya pili ndio ilinifanya nisimame.

Skrini yake ilikuwa nyeusi. Imekufa. Lakini kando yake kulikuwa na monita ya zamani, ile nene, imeunganishwa na waya kwa nyuma, na mteja alikuwa anafanya kazi kwa hiyo monita. Ile All-in-One ilikuwa imegeuzwa pembeni kama mtoto aliyeadhibiwa, inafanya kazi bila uso.

“Hii ni nini?” nikamwuliza.

“Hiyo ni kompyuta ya kipande kimoja,” akasema, “ambayo sasa ni vipande viwili.”

Akacheka, mimi sikucheka. Akanielezea. Skrini ilianza na mstari mmoja wa kijani, mwezi mmoja baadaye ikazima. Ndani mashine iko sawa kabisa, haina hata kikohozi. Lakini bei ya skrini ya kuweka, pamoja na ya fundi, ilikaribia bei ya kompyuta nyingine. Na bahati yake ni kwamba hiyo modeli ina tundu la kutoa picha kwa monita nyingine. Isingekuwa nalo, angekuwa na mashine nzima, mzima wa afya, asiyeweza kuzungumza.

“Monita ya kawaida ikikufa,” akasema, “unaenda unanunua nyingine ya mtumba jioni hiyo hiyo, unaendelea.”

Halafu akafanya kitu kizuri ambacho namshukuru mpaka leo. Saiba ilipofungwa usiku akazima ile iliyokufa, akafungua kifuniko cha nyuma, akaniambia niangalie mwenyewe. Kusema kweli nilitarajia kuona kompyuta kubwa imebanwa. Niliona kitu kama laptopu. RAM ni zile fupi za laptopu. Kifeni ni kimoja, chembamba, na vumbi limekaa hapo kama sufi. Hakuna nafasi ya kuongeza kadi ya grafiki. Hapana, si kwamba ni ngumu, hakuna mahali pa kuiweka.

“Soma hiyo namba ya prosesa,” akaniambia, akiwa amewasha ile nzima na kufungua ukurasa wake wa taarifa.

Nikasoma: i5-6500T.

Sasa hapa ndipo kuna somo la bure, kwa hivyo kama umekuwa ukiruka mistari, simama. Wauzaji watakwambia “ni Core i5” na kunyamaza, kama vile i5 zote ni ndugu wa mama mmoja. Angalia namba inayofuata. Kwa i5-6500, ile 6 inamaanisha kizazi cha 6. Kwa i5-8500 ni kizazi cha 8. Na herufi T mwishoni inamaanisha hiyo chipu imepunguzwa nguvu ili isitoe joto jingi, ndio iweze kukaa mahali pembamba. Kujaza fomu za KRA haina shida. Kuhariri video ya harusi ya dakika 40, utaijua.

Na kizazi si mambo ya kujigamba. Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa upande wa Intel, kwa jumla inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. Kuna watu wanaiingiza kwa mashine za zamani kwa njia za mkato na inafanya kazi, lakini unajua uko hapo kwa huruma. Kwa hivyo nikajiuliza kwa nini ofisi za huko nje zinatoa mashine za kizazi cha 6 kwa wingi hivi, halafu nikajijibu.

Nikampigia yule jamaa wa Luthuli. “Ile mashine ni kizazi cha ngapi?”

“Ni i5, siste, ina nguvu sana.”

“Namba inayofuata i5 ni gani?”

Kimya kidogo. “Sita.”

“Na diski ni SSD?”

“Ni 500, kubwa kabisa.” Yaani HDD, ile ya zamani ya kuzunguka, ile inafanya ungoje kompyuta iwake mpaka chai ipoe.

Sikusema alinidanganya. Hakunidanganya. Kila alichosema kilikuwa kweli. Ni mimi ndio nilikuwa sijui kuuliza, na yeye hayuko pale kunifundisha.

Bado moyo haukuwa umekubali. Nikajiambia, sawa, nitatafuta All-in-One nyingine, ya kizazi cha 8, yenye SSD. Ziko. Lakini bei ilinipita, na bado kulikuwa na mambo ya stima.

Mtaani kwetu stima hupotea. Si kila siku, lakini haipigi hodi. All-in-One haina betri. Watu wengi husahau hili kwa sababu inakaa kama laptopu kubwa au televisheni, lakini stima ikienda, imeenda nayo hapo hapo, na kazi ambayo hukuwa umehifadhi. Kwa hivyo unahitaji UPS, lile sanduku zito lenye betri. UPS ndogo nilipata kwa Sh6,500. Piga hesabu: Sh48,000 na Sh6,500 ni Sh54,500. Nina Sh52,000. Yaani niko nje kwa Sh2,500, mashine ni ya kizazi cha 6, na bado sijanunua meza.

Kuna wenye watasema, “Si ungenunua laptopu tu?” Nilifikiria sana. Kama uko campus, kama unahama na kazi yako kila siku, nunua laptopu na usinisikize. Betri yake ndiyo UPS yako. Lakini mimi kazi yangu naifanyia kwa nyumba, saa sita usiku, nimeinama. Za mtumba nilizoona kwa bei yangu zilikuwa na skrini ya inchi 14 na betri zimechoka, moja ilizima mbele yangu nikichomoa chaja. Na laptopu ina ugonjwa ule ule wa kipande kimoja, tofauti ni kwamba angalau inakupa miguu.

Pia nilifikiria kuhama. Kwa miaka miwili nimehama keja mara tatu. All-in-One ni rahisi kubeba, ukweli usemwe, unaifunga kwa blanketi unaikumbatia. Lakini kwa ngazi za gorofa ya nne bila lifti, ukiteleza, umeangusha kila kitu mara moja.

Kwa haki, lazima niseme huyu mnyama anafaa wapi. Anafaa pale kwa binamu yangu. Kaunta haihami. Nafasi ni ndogo na ile mashine inakaa kama inaheshimu mteja. Kazi ni nyepesi: fomu, kuchapisha, barua. Ana betri ya akiba ya saiba nzima. Anafaa mapokezi ya kliniki, dawati la shule, mzazi ambaye anataka kuongea na wajukuu kwa video na hataki kujua waya gani inaingia wapi. Kama hiyo ndiyo hali yako, nunua, na ununue ya kizazi cha 8 kwenda juu, yenye SSD, yenye tundu la monita ya pili kwa nyuma, ambayo umeiwasha mwenyewe na kuiacha iwake saa nzima kabla ya kulipa. Mwombe muuzaji aandike muda wa waranti kwa risiti, na uulize kama skrini iko ndani ya hiyo waranti. Wengi wakifika hapo hukohoa.

Lakini mimi si kaunta.

Wiki ya tatu nikarudi mjini, sikupita kwa yule jamaa, niliona aibu. Duka lingine, ghorofa ya pili, hakuna video ya samaki. Nikanunua CPU, ile ndogo ya kulala, ya ofisi, i5 ya kizazi cha 8, RAM ya GB 16, SSD ya GB 256: Sh27,000. Monita ya mtumba ya inchi 22: Sh7,500. Kibodi na mausi, zenye waya: Sh1,000. UPS: Sh6,500. Jumla Sh42,000.

Haina sura. Wacha nisiwafiche. CPU ina mkwaruzo upande mmoja na alama ya gundi mahali palikuwa na stika ya ofisi ya watu. Monita ni ya kampuni tofauti na kibodi ni ya kampuni tofauti, ni kama familia ya kambo. Waya ni saba, nimezihesabu. Lakini ndani ya lile sanduku kuna nafasi ya kadi ndogo ya grafiki, zile fupi zisizohitaji waya wa ziada wa nguvu, na siku nikipata pesa nitaiweka. RAM ina tundu mbili bado hazina kitu. Monita ikikufa, najua nitaenda wapi na nitalipa ngapi.

Kurudi nyumbani kulikuwa sinema. CPU kwa magoti, monita imefungwa kwa leso langu na kuwekwa kiti cha kando. Makanga akaniangalia, akaangalia monita. “Huyu pia analipa.” Nikalipa. Sh80 ya mtu ambaye hana hata miguu.

Zile Sh10,000 zilizobaki nilituma nane Kakamega. Mathe akapiga mara moja. Hakusema asante kwanza, aliuliza, “Na kompyuta?”

“Nimenunua, mama.”

“Ile uliyotaka?”

Nikafikiria kidogo. “Ile ninayohitaji.”

Akanyamaza. Halafu akacheka, akaniambia nimeanza kuongea kama nyanya yangu, na sikujua kama amenisifu au ameniambia nimezeeka.

Sasa mwezi umepita. Wiki ya pili nilikuwa na kazi ya harusi nyingine, ya kwanza tangu ile iliyonitoa jasho. Sikutaka kuibebesha mashine mzigo mzito, kwa hivyo nilitengeneza kwanza nakala nyepesi za video zote nikahariri kwa hizo, halafu programu ikarudisha zile safi mwishoni. Hiyo njia iko hata kwa programu za bure, na haijalishi kompyuta yako ni ya bei gani, ijaribu.

Saa saba usiku, nimebakisha muziki wa mwisho, stima ikapotea. Mtaa mzima giza. Nikasikia majirani wakisema “aaah” pamoja kama kwaya. Na chini ya meza yangu lile sanduku zito likaanza kulia: piii, piii, piii. Skrini haikuzima. Nilikaa kwa sekunde kama mbili nikiiangalia tu, halafu nikakumbuka kwamba UPS si ya kuendelea na kazi, ni ya kukimbia. Nikahifadhi. Nikanakili mradi kwa flashi. Nikazima kila kitu vizuri, moja moja, kama mtu anayelaza watoto. Dakika nne zote.

Halafu nikalala kwa giza, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti sikuota harusi ya mtu.

Video niliitoa Ijumaa. Bibi harusi ametuma dada yake, anaolewa Aprili.

Na hiyo picha ya mimi nimekaa na mashine safi nyuma yangu? Mmegundua siku hizi video zangu naelekeza kamera ukutani, pale nimeweka kitenge. Nyuma ya kamera ndipo waya zote saba ziko. Bado nikipita Luthuli naiangalia ile ya inchi 24, samaki bado wanaogelea. Jamaa bado ananiita. Siku nitakuwa na ofisi yenye kaunta isiyohama na stima isiyopotea, labda nitaingia.

Kwa sasa niambieni: ni kitu gani mlikaribia kununua kwa sababu ya picha iliyokuwa kichwani, na ni nani alipiga simu kabla hamjaweka PIN?